Kush chini ya Mafarao: Ushahidi wa Akiolojia na Lugha ya Kuusimulia kwa Kiswahili

Ikisiri

Kati ya takriban mwaka 1500 KK na 1070 KK, ufalme wa Kush, ambao makao yake makuu yalikuwa Kerma katika Sudani ya leo, ulikuwa chini ya utawala wa Misri. Maandishi tuliyorithi kuhusu kipindi hicho yaliandikwa na upande wa mtawala, kwa lugha ya mtawala. Makala haya yanalinganisha maandishi hayo na matokeo ya uchimbaji wa kiakiolojia uliofanyika Kerma, Tombos, Askut, Sai na Amara Magharibi. Hoja kuu ni kwamba kutawaliwa na kumezwa ni mambo mawili tofauti, na kwamba ushahidi wa makaburi, vyungu na nyumba unatulazimisha kuyatenganisha. Makala yanaonyesha pia jinsi uchimbaji wenyewe ulivyoanza chini ya utawala mwingine wa kigeni, na jinsi hali hiyo ilivyoathiri tafsiri yake. Mwisho, yanapendekeza istilahi za Kiswahili zinazofaa kutumika katika vitabu vya historia na katika ushauri wa kisera kuhusu mitaala.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana na Kush mara chache katika masomo yake ya historia, na kwa kawaida hukutana nayo pembezoni mwa Misri. Husoma kuwa Misri ilikuwa na mafarao, piramidi na hieroglifu. Kisha husoma kuwa kusini mwake kulikuwa na jirani aliyetoa dhahabu, pembe za ndovu na watumwa, akashindwa vita, akatawaliwa, na hatimaye akajifunza kujenga piramidi zake mwenyewe. Masimulizi hayo hayakosi ukweli. Dhahabu ilitolewa kweli, vita vilipiganwa, na piramidi zilizojengwa katika ardhi ya Sudani ni nyingi kwa idadi kuliko zile za Misri. Hata hivyo, ukiyachunguza kisarufi utaona kuwa Mmisri ndiye mtenda wa karibu kila sentensi na Mkush ndiye mtendwa: alishindwa, alitawaliwa, alifundishwa, alistaarabishwa.

Makala haya yanauliza swali moja. Je, ushahidi uliopo unaruhusu mnyambuliko huo wa vitenzi? Ili kulijibu, tutaanza na ufalme wenyewe kabla haujatekwa, tutasoma maandishi ya mtawala, kisha tutashuka ardhini, katika makaburi na majiko. Swali si la wanaakiolojia peke yao. Kiswahili kinazidi kupewa nafasi katika elimu na katika vikao vya kikanda, na kila neno tunalolichagua leo kwa ajili ya historia ya Afrika ya kale litarudiwa darasani kwa miaka mingi. Tukichagua vibaya, tutakuwa tumetafsiri hukumu ya mshindi tukidhani tumetafsiri historia.

2.0 Ufalme uliotangulia utawala

Kerma iko kusini ya maporomoko ya tatu ya Mto Nile, mahali ambapo bonde hupanuka na kutoa ardhi nzuri ya kilimo na malisho. Mji ulianza kukua yapata mwaka 2500 KK na kufikia kilele chake kati ya mwaka 1750 na 1500 KK. Katikati yake lilisimama jengo kubwa la matofali mabichi ambalo wenyeji wa sasa huliita Deffufa. Mabaki yake bado yana kimo cha takriban mita 18. Mashariki ya mji kuna makaburi yenye maelfu ya mazishi. Makubwa kuliko yote, yaliyojengwa katika awamu ya mwisho ya ufalme, ni matuta ya duara yenye kipenyo cha hadi mita 90.

Namna ya kuzika ilikuwa ya pekee na ilidumu kwa karne nyingi. Maiti ililazwa kwa ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa, na mara nyingi juu ya kitanda. Kando ya tuta yalipangwa mafuvu ya ng’ombe. Mbele ya kaburi moja la awamu ya kati timu ya Charles Bonnet wa Geneva ilihesabu mafuvu zaidi ya 4,000. Hii ilikuwa jamii iliyopima heshima kwa mifugo, na yenye mtawala aliyeweza kukusanya mifugo hiyo kutoka eneo pana. Tunapaswa kuvikumbuka vitu hivi viwili, kitanda na ulalo wa ubavu, kwa kuwa vitarudi mara kwa mara katika ushahidi wa baadaye.

Nguvu ya Kush ilitambuliwa pia na majirani. Jiwe la farao Kamose, lililogunduliwa Karnak mwaka 1954, linasimulia jinsi Wamisri walivyomkamata mjumbe aliyebeba barua kutoka kwa Apophis, mfalme wa Hyksos aliyetawala kaskazini ya Misri, kwenda kwa mtawala wa Kush, akimwomba waungane dhidi ya Thebes. Mwaka 2003 yalitangazwa maandishi mengine kutoka kaburi la gavana Sobeknakht huko El Kab, kusini ya Misri, yanayoeleza uvamizi wa Kush na washirika wake ndani ya Misri yenyewe. Kwa hiyo, nusu karne tu kabla ya kutekwa kwake, Kush ilikuwa dola iliyoandikiwa barua na wafalme na iliyopeleka majeshi kaskazini. Misri haikuiteka nchi tupu wala kundi la vijiji vilivyotawanyika.

3.0 Sauti ya mtawala: ushahidi wa maandishi

Utekaji ulifanyika kwa awamu. Thutmose I alivuka maporomoko ya tatu na kuchonga maandishi ya ushindi kwenye miamba ya Tombos katika mwaka wa pili wa utawala wake. Askari wake mmoja, Ahmose mwana wa Ebana, aliandika katika kaburi lake kwamba farao alirudi Misri maiti ya adui wa Kinubi ikiwa imening’inizwa kichwa chini kwenye omo la jahazi. Uasi ulifuata. Maandishi ya Thutmose II karibu na Aswan yanaeleza amri ya kuwaua wanaume wote wa waasi, isipokuwa mmoja wa watoto wa mtawala wa Kush aliyepelekwa Misri akiwa hai. Chini ya Thutmose III mpaka ulikuwa Kurgus, kati ya maporomoko ya nne na ya tano, na kituo cha ibada kikawekwa Jebel Barkal, mahali palipoitwa Napata.

Nchi iliyotekwa iligawanywa mara mbili: Wawat kaskazini na Kush kusini. Juu yake aliwekwa ofisa mwenye cheo kinachotafsirika neno kwa neno kuwa Mwana wa Mfalme wa Kush. Cheo hiki kinapotosha kikisomwa kijuujuu. Mwenye cheo hakuwa mwana wa farao kwa damu wala hakuwa Mkush. Alikuwa mwakilishi wa farao, na chini yake walikuwa manaibu wawili, mmoja kwa kila sehemu. Msomaji wa Kiswahili anaelewa haraka akiambiwa kuwa huyu alikuwa liwali, kwa maana ileile ya mtu aliyeitawala Mombasa au Lamu kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Kazi yake kuu ilikuwa kuhakikisha kuwa kodi na dhahabu vinafika kaskazini. Kumbukumbu za Thutmose III zinaorodhesha dhahabu ya Wawat na ya Kush kando kando, na ya Wawat ni nyingi zaidi kwa mbali.

Katika maandishi ya fahari, jina la Kush mara nyingi huambatana na kivumishi chenye maana ya duni au dhalili. Wasomaji wa zamani walikichukulia kivumishi hicho kuwa maelezo. Kwa mtazamo wa isimu, kinapaswa kusomwa kama fomula ya kisiasa, kwani maandishi ya namna hiyo hayakukusudiwa kuripoti hali ya Wakush. Yalikusudiwa kuthibitisha kuwa ulimwengu uko sawa, farao juu na adui chini.

Mfano unaoonyesha vizuri pengo kati ya fomula na maisha ni ule wa Hekanefer, mkuu wa Miam, yaani Aniba ya baadaye. Katika kaburi la liwali Huy huko Thebes, lililochorwa wakati wa Tutankhamun, Hekanefer anaonekana miongoni mwa wakuu wa Wawat, akiinama mbele ya farao na kuvaa mavazi ya Kinubi. Kaburi la Hekanefer mwenyewe lilichimbwa Toshka na William Kelly Simpson, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1963. Humo mtu huyohuyo anajionyesha kwa taswira ya ofisa wa Kimisri. Ni mtu mmoja katika kizazi kimoja, lakini taswira ni mbili. Mchoraji wa Thebes alihitaji Mnubi wa kuleta kodi; Hekanefer alihitaji cheo chake kitambuliwe na wenzake na na miungu aliyoichagua. Mkuu mwingine, wa eneo la Teh-khet karibu na Debeira, alikuwa na majina mawili: Djehutyhotep, la Kimisri, na Paitsy, la Kinubi. Mtafiti anayehesabu Wamisri na Wanubi kwa kuangalia majina tu angemhesabu mtu huyu mara mbili.

4.0 Ushahidi wa ardhini: makaburi, vyungu na nyumba

Maandishi yanatuambia nani alipokea kodi. Hayasemi nani alipika, nani alioa kwa nani, wala mtoto aliyezaliwa ndani ya ngome alilelewa kwa desturi gani. Kwa maswali hayo tunahitaji ardhi.

4.1 Tombos

Tombos ulikuwa mji wa walowezi wa Kimisri, yapata kilomita 10 kaskazini ya Kerma. Uchimbaji ulioanzishwa mwaka 2000 na Stuart Tyson Smith, ambao baadaye Michele Buzon aliuongoza pamoja naye, ulifichua kaburi la piramidi la Siamun, karani aliyehesabu dhahabu ya Kush, na pia makaburi ya watu wa daraja la kati. Wengi walizikwa Kimisri: chali, wamenyooshwa, ndani ya jeneza. Lakini katika makaburi hayohayo walikutwa wanawake kadhaa waliolazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, kwa desturi ileile ya Kerma. Mmoja wao alivaa hirizi za Bes, mungu wa Kimisri mlinzi wa nyumba na uzazi. Mwanamke huyu hakulazimika kuchagua upande mmoja. Alizikwa na desturi ya mama zake na hirizi za jirani zake.

Buzon aliongeza ushahidi wa kikemikali. Enameli ya jino hujengeka utotoni na huhifadhi alama ya maji na chakula cha mahali mtu alipokulia. Vipimo vya isotopu za strontiamu vilionyesha kuwa miongoni mwa wafu wa Tombos walikuwamo wageni waliotoka kwingine na wenyeji waliokulia hapo. Baadhi ya waliozikwa Kimisri walikuwa wenyeji. Kwa maneno mengine, mahali pa kuzaliwa na namna ya kuzikwa haviendi sambamba kila mara. Tombos haikuteketea pia utawala wa Misri ulipoondoka: watu waliendelea kuzikwa hapo hadi enzi za wafalme wa Napata, na matuta ya duara yakajengwa upya karibu na piramidi.

4.2 Vyungu

Katika ngome ya Askut, iliyochimbwa kati ya mwaka 1962 na 1964 kabla ya kufunikwa na maji ya Bwawa Kuu la Aswan, Smith alitenganisha vigae kulingana na matumizi ya vyombo. Vyombo vya kuhifadhia na vya kuandalia vilikuwa kwa sehemu kubwa vya Kimisri. Vyungu vya kupikia vilisimulia habari nyingine: sehemu ya vile vya Kinubi ilikuwa kubwa zaidi, na ilizidi kukua kadiri karne zilivyopita. Mradi ulioongozwa na Julia Budka katika mji wa Kimisri wa kisiwa cha Sai umeonyesha vilevile kuwa vyungu vya Kinubi vilitumiwa pamoja na vya Kimisri ndani ya nyumba zilezile.

Tafsiri inahitaji uangalifu. Chungu hakina kabila, na mwanamke wa Kimisri angeweza kununua chungu cha Kinubi kwa sababu kilihimili moto. Hata hivyo, mwelekeo unaodumu kwa vizazi, na unaojitokeza jikoni kuliko mezani, ni vigumu kuueleza kwa soko peke yake. Maelezo yanayokidhi zaidi ni ya kaya mchanganyiko, ambamo wanawake wa Kinubi waliendesha jiko. Ikiwa ni hivyo, basi ndani ya ngome iliyojengwa kuwadhibiti Wanubi, watoto wa wadhibiti walikula chakula cha Kinubi.

4.3 Amara Magharibi na Dukki Gel

Amara Magharibi ilianzishwa wakati wa Seti I, yapata mwaka 1300 KK, ikawa makao ya naibu wa Kush. Mradi wa Jumba la Makumbusho la Uingereza ulioanza mwaka 2008 chini ya Neal Spencer ulikuta mji wenye ukuta na mitaa iliyopimwa, na nje ya ukuta huo jengo lenye umbo la yai, la mtindo wa Kinubi. Katika makaburi kulikuwa na chumba cha chini ya ardhi cha aina ya Kimisri, na juu yake tuta la Kinubi. Baadhi ya wafu walilazwa juu ya vitanda. Utafiti wa mifupa uliofanywa na Michaela Binder ulionyesha maisha magumu yenye maradhi mengi, hali iliyozidi kuwa mbaya mkondo wa mto uliokuwa karibu na mji ulipokauka. Picha hii ni muhimu kwa wale wanaodhani kuwa koloni huleta neema kwa walowezi wake: upepo wa mchanga haukumtofautisha naibu na mpishi.

Huko Dukki Gel, kilomita moja kaskazini ya Kerma, Bonnet amefukua mahekalu ya Kimisri ya wakati wa Thutmose I yakiwa bega kwa bega na majengo makubwa ya duara yasiyo na mfano Misri. Mahali hapohapo, mwaka 2003, timu yake ilikuta shimo lenye sanamu za wafalme wa Kush, akiwamo Taharqa. Pale mtawala wa kigeni alipojenga ili aonekane, warithi wa waliotawaliwa walikuja kusimamisha sanamu zao.

4.4 Kitanda cha Piye

Utawala wa Misri ulikoma yapata mwaka 1070 KK. Karne tatu baadaye, mfalme Piye wa Napata aliiteka Misri, na wafalme wa nasaba ya 25 wakaitawala hadi walipoondolewa katika karne ya 7 KK baada ya uvamizi wa Waashuru. Piye alijenga piramidi huko El-Kurru na maandishi yake yameandikwa kwa Kimisri safi, yakidai kuwa yeye ni mcha Amun kuliko watawala wa Misri wenyewe. Wengine wamesoma hapo ushindi kamili wa utamaduni wa Kimisri. Lakini ndani ya kaburi lake kuna jukwaa la mawe lililokatwa kwenye pembe ili kupokea miguu ya kitanda. Baada ya karne nne za kutawaliwa na karne tatu za kujitawala, mfalme wa Kush bado alilazwa kitandani, kama walivyolazwa wakubwa wa Kerma.

5.0 Akiolojia chini ya utawala mwingine

Matokeo yaliyoelezwa hapo juu yamepatikana kwa sehemu kubwa katika miaka 60 iliyopita. Ni lazima tuulize kwa nini hayakuonekana mapema. George Reisner, mtaalamu wa Kimarekani, alichimba Kerma kati ya mwaka 1913 na 1916, Sudani ikiwa chini ya utawala wa pamoja wa Uingereza na Misri uliodumu kuanzia mwaka 1899 hadi 1956. Katika tuta kubwa moja alikuta sanamu za Hepdjefa, gavana wa Asyut, na mkewe Sennuwy, ambayo sasa iko Boston. Alihitimisha kuwa tuta hilo ni kaburi la Hepdjefa na kuwa Kerma ilikuwa kituo cha magavana wa Kimisri.

Reisner alichimba kwa nidhamu na kuandika kwa makini. Kumbukumbu zake bado zinatumika. Kilichompotosha ni dhana kwamba kitu kikubwa kilichopatikana katika nchi ya weusi lazima kiwe na mwenyewe kutoka nje. Hermann Junker alilipinga hitimisho hilo mapema, na leo inakubalika kuwa sanamu zile zilibebwa kutoka Misri, pengine kama nyara za vita vya aina aliyoieleza Sobeknakht. Ushahidi uleule uliosomwa kuwa alama ya utawala wa Misri juu ya Kush sasa unasomwa kuwa alama ya nguvu ya Kush juu ya Misri.

Wasomi wa pwani yetu wanaijua hoja hii kwa sura nyingine. Katikati ya karne ya 20, uchimbaji wa Gede ulioongozwa na James Kirkman na ule wa Kilwa ulioongozwa na Neville Chittick uliegemea kuieleza miji ya Waswahili kama kazi ya wageni kutoka ng’ambo. Kazi za baadaye, zikiwamo za Mark Horton huko Shanga na za Chapurukha Kusimba, George Abungu na Felix Chami, zilionyesha mizizi ya Kiafrika ya miji hiyo bila kukana uhusiano wake na bahari. Hatulinganishi Kush na Kilwa kama historia. Zinatofautiana kwa zaidi ya miaka 2,000 na kwa mazingira. Tunalinganisha tabia ya wasomaji wa ushahidi pale taaluma inapofanyika chini ya dola inayohitaji kuamini kuwa waliotawaliwa hawakuwahi kutawala.

6.0 Lugha ya kuusimulia

Kwa msingi huo, istilahi tano za Kiswahili zinahitaji kuangaliwa upya.

Kwanza, kustaarabu na kustaarabisha. Asili ya neno ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kufuata ya Waarabu. Limepanuka na sasa ustaarabu ni jina la heshima kwa utamaduni wa taifa lolote, na hakuna sababu ya kuliacha katika maana hiyo. Lakini kauli ya kutendwa, Wakush walistaarabishwa na Wamisri, inarudisha maana ya zamani: kwamba ubora huja kwa kufuata ya mgeni. Ushahidi wa Kerma unaikataa kauli hiyo. Tunapendekeza kusema Wakush walitwaa hieroglifu, au walichukua ibada ya Amun. Kitenzi kutwaa kinamrudishia Mkush nafasi ya mtenda.

Pili, himaya. Neno hili lina maana ya ulinzi, na katika historia yetu limetumika pia kwa nchi zilizowekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Kusema Kush ilikuwa katika himaya ya Misri ni kudokeza kuwa ililindwa. Milki inafaa zaidi, kwani inataja umilikaji waziwazi.

Tatu, kienyeji. Mwenyeji ni neno la heshima. Kienyeji limebeba, tangu enzi za ukoloni, dokezo la kitu cha hali ya chini. Vyungu vya Askut viitwe vya Kinubi au vya Kikush, sawa na vile vingine tunavyoviita vya Kimisri.

Nne, chifu. Neno hili liliingia katika Kiswahili kwa mlango wa utawala wa Waingereza, ambao uliwashusha wafalme wengi cheo kwa kuwabadilishia jina. Maandishi ya Misri yalifanya vivyo hivyo kwa kumnyima mtawala wa Kush jina walilolihifadhi kwa farao. Mtawala wa Kerma alikuwa mfalme. Waliokuwa chini ya liwali, kama Hekanefer, waitwe wakuu.

Tano, na pengine yenye utata zaidi, Mnubi. Nchini Uganda na Kenya jina hili tayari lina wenyewe: wazao wa askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, wasemaji wa Kinubi, ambacho ni krioli iliyotokana na Kiarabu. Lugha za Kinubi za bonde la Nile, kama Nobiin, ni za familia nyingine kabisa. Katika mgawanyo unaofuatwa na wanaisimu wengi, ni za tawi la Sudani Mashariki, ambamo zimo pia lugha za Kiniloti kama Kijaluo, Kiacholi na Kimaasai. Claude Rilly ameiweka lugha ya Meroe, iliyoandikwa na Wakush kuanzia karne ya 2 KK, karibu na lugha hizo za Kinubi. Kitabu cha shule kisipofafanua tofauti hii, mwanafunzi wa Kibera atajengewa nasaba isiyo yake, na mwanafunzi wa Gulu atanyimwa uhusiano wa mbali wa lugha alionao. Tunapendekeza Wanubi wa Nile kwa wa kale, na Wanubi peke yake kwa jamii ya Afrika Mashariki.

7.0 Hitimisho

Ushahidi wa akiolojia haukanushi kuwa Kush ilitawaliwa, wala haupunguzi ukatili wa utawala huo. Maiti iliyoning’inizwa omoni na mtoto wa mfalme aliyechukuliwa mateka ni sehemu ya historia hiyo. Wala hauruhusu kinyume chake, yaani kumfanya kila Mkush kuwa mpinzani. Hekanefer alijichagulia njia yake, na wengi walimfuata. Unachotuonyesha ni kuwa watu waliotawaliwa waliendelea kuamua mambo yaliyokuwa mikononi mwao: chakula, ndoa, umbo la nyumba, namna ya kumlaza maiti. Maamuzi hayo, yaliyorudiwa kwa vizazi vingi, ndiyo yaliyomwezesha Piye kuwa mfalme wa Kush na si nakala ya farao.

Kwa washauri wa sera, mapendekezo ni matatu. Mada ya Kush ifundishwe ikianzia Kerma kabla ya utekaji, si Thutmose I. Vyombo vya kusanifu Kiswahili katika nchi zetu vikubaliane juu ya istilahi za historia ya Afrika ya kale, zikiwamo zilizojadiliwa hapa, kabla vitabu vipya havijachapishwa. Na tafsiri za kazi za kiakiolojia kuhusu Sudani zipewe kipaumbele. Pendekezo hili la mwisho lina uharaka wake. Mabwawa yameshazamisha Wawat karibu yote. Wachimbaji wa dhahabu wamefukua maeneo ya kale jangwani. Na tangu vita vilipoanza Sudani mwezi Aprili 2023, Jumba la Makumbusho la Taifa la Khartoum limeporwa. Baadhi ya vitu vilivyotajwa na watafiti hawa huenda tusivione tena. Maandishi yaliyobaki juu yake yanasomeka kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Walimu wengi wa ukanda huu wanahitaji kuyasoma kwa Kiswahili, na kwa vitenzi vilivyochaguliwa kwa haki.